Unyayo Tuliouruka

Katika chumba chetu cha mbele palikuwa na mahali ambapo hakuna mtu aliyepakanyaga. Palikuwa na unyayo mmoja wa mtoto, mguu wa kushoto, umedidimia kwenye saruji karibu na mlango wa jikoni, vidole vikielekea ndani. Mgeni akiingia tulimwambia, "Pitia huku," naye akapita huku bila kuuliza. Sisi wa nyumbani hatukuhitaji kuambiwa. Tuliuruka hata tukiwa tumebeba ndoo ya maji, hata umeme ukikatika, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi aliokulia.

Ulikuwa unyayo wa binti yangu. Tulimwita Kishindo, maana kwa udogo ule alitembea kama anatwanga. Ungemsikia anatoka uani kabla hujamwona. Alizaliwa pamoja na kaka yake, mapacha, miguu sawa kwa sawa, ndala wanabadilishana. Siku mume wangu alipomwaga sakafu ile alitoka kwenda kuosha mwiko, na wale wawili wakaingia wakirukaruka kwa mguu mmoja, mchezo wao wa kila siku. Aliporudi akakuta nyayo mbili zimesimama bega kwa bega. Akauliza ni nani kafanya hivi. Wa kiume akajificha nyuma ya sketi yangu. Kishindo hakujificha. Akanyoosha kidole kwenye ule uliokaa vizuri zaidi, akasema, "Wangu huu hapa. Huo mwingine wake."

Baba yake akacheka, akamwachia. Ule mwingine akauziba kesho yake kwa niru, uji wa saruji aliyoikoroga kwenye mkebe, akapalainisha kwa kiganja. Nikaweka kigoda changu pale pale, nami nimekikalia miaka yote, nikichambua mchele na kushona vifungo. Pakigongwa palitoa mlio wa chungu kitupu, ngo, ngo. Nilishapazoea.

Mvua za mwaka ule hazikwisha kabla homa haijamchukua Kishindo. Picha hatukuwahi kumpiga. Nguo zake zilivaliwa na watoto wa ndugu zikachanika, na ndala alizimalizia kaka yake. Kilichobaki duniani cha mtoto yule ni kile kishimo sakafuni. Nilikiosha kwa brashi laini ya rangi, vidole kwanza, kisha upinde wa unyayo, kisha kisigino, ambako palikuwa na ufa mdogo uliojikunja. Wakati wa mvua ukuta ulivuja, kishimo kikashika maji, na chumba kizima kikikauka, kishimo chenyewe kilibaki kimelowa.

Kaka yake aliendelea kuitwa Pacha. Hakuna aliyeona ajabu kumwita mtu Pacha ilhali yuko peke yake. Hata mimi.

Pacha amekuwa fundi wa mashine za kuchomelea na pampu za maji. Hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa wake ni mwingine. Nyuma ya nyumba, kwenye kibanda alichofanyia kazi marehemu baba yake, aliyekuwa fundi bati, alijaza kapasita alizochomoa kwenye mashine zilizokufa, akazipanga kwenye makreti ya soda kama chupa. Nilipomuuliza kapasita ni nini alinieleza kwa namna ninayoielewa.

"Mama, chukulia ni mtungi. Unaujaza kidogo kidogo, kama bomba letu la kiangazi. Halafu unaupasua. Maji ya siku nzima yanatoka kwa mkupuo mmoja."

"Na faida yake?"

"Faida bado naitafuta."

"Mwenzio kaolewa na mtu anayetafuta faida," alisema mke wake, ambaye ni msusi na hana ulimi wa kuazima. "Wengine waume zao wanalewa, angalau wanalala."

Alianza na waya mkavu, akiuachia umeme wote kwa mkupuo. Paa, moshi, basi. Kisha akaanza kulowesha. Alilowesha waya, akalowesha chuma cha kusugulia sufuria, akalowesha hata zile karatasi za fedha za ndani ya pakiti ya sigara. Alisema chuma kikavu kinapiga kelele tu, ila kilicholowa kinasukuma. Maji hayapendi kubanwa, yakistushwa yanatafuta pa kwenda. Aliyafanya haya mchana, watu wakiwa kazini, na bado jirani yetu, mke wa dereva, alikuja kusimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwambie mwanao atubandikie ratiba. Tujue tunakufa lini, tuoge."

Ila alikuwa mwangalifu, hilo lazima niliseme. Kila mlio ukipita alichukua fimbo ya chuma yenye mpini mrefu wa mti, akaigusisha kwenye ncha za kapasita kumaliza umeme, kisha akafunga mnyororo juu ya kapasita zote kabla hajathubutu kusogeza mkono. Siku moja nilimuuliza kwa nini anafunga mnyororo ilhali umeme umeshatoka.

"Unarudi, Mama."

"Unarudi kutoka wapi?"

"Hautoki wote. Kidogo hujificha ndani, kwenye nyama ya kapasita. Ukiiacha peke yake, unatambaa taratibu mpaka kwenye ncha. Unaikuta imejaa tena na hakuna mtu aliyeijaza. Mafundi wengi wameuawa na mashine iliyozimwa."

Nilirudi ndani nikakaa kwenye kigoda changu.

Maana kuna jambo nilikuwa silisemi. Kila baada ya mlio masikio yangu yaliziba, dunia ikawa pamba tupu. Na katika ile pamba, kabla sauti za mtaa hazijarudi, kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa mguu uliolowa ukikanyaga saruji. Chap. Mara moja tu, kutoka chumba cha mbele, kwa uzito ule ule. Mke wa Pacha aliniona nimegeuza shingo, akasema ni bomba linadondoka. Nikakubali. Bomba letu liko uani.

Siku moja Pacha aliniletea mfuniko wa mkebe wa rangi, ameushika kama anabeba sahani ya uji wa moto. Katikati ya mfuniko palikuwa na kifungo cha koti. Nilipotaka kukiokota nikakuta hakiokoteki. Kilikuwa ni bati lenyewe. Matundu manne, ukingo wake, hata uzi uliokuwa umebaki kwenye tundu moja, nyuzi zake mbili zilizosokotana, zote zimechorwa.

"Umekigonga kwa nyundo?"

"Nyundo haiwezi kuchora uzi, Mama. Niliweka kifungo chini, bati juu yake, maji juu ya bati, na waya ndani ya maji. Waya ukilipuka, maji yanalisukuma bati mpaka linashika kila kilichoko chini. Ila lazima uivute hewa iliyokaa katikati, la sivyo bati linapata malengelenge."

Niliupapasa ule uzi kwa ncha ya kidole. Macho yetu sote wawili yalikwenda karibu na mlango wa jikoni.

Haikupita muda, wakaja watu wa mtaro. Maji ya mvua yalikuwa yanaiharibu barabara kubwa, na mtaro mpya ulipangwa kupita kwenye safu yetu ya nyumba. Walichora alama ya msalaba mwekundu ukutani, wakatupa siku za kuhama. Majirani walilia kwa nyumba zao. Mimi nyumba sikuililia, tulipewa pengine pa kukaa. Nilikuwa na kitu kimoja cha mtoto wangu, nacho hakihamishiki.

Tulifikiri kuikata sakafu. Pacha aligonga pembeni, akatikisa kichwa. Baba yake alikuwa ameimwaga nyembamba juu ya kifusi, ingemomonyoka kama mkate mkavu. Mke wa Pacha akasema, "Si mmwage plasta tu, mpate umbo?" Tukajaribu kidogo kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Plasta ilipotoka iliondoka na chembe za saruji, na kidole kikabaki kimepauka, hakina mstari. Nilisema mtu asiuguse tena.

Siku chache kabla ya kuhama Pacha alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda changu.

"Nina bati laini la shaba, nimelitoa kwenye tangi bovu. Halitang'oa kitu, linalala tu juu ya unyayo. Ila mlio utakuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na sakafu hii haitavumilia mara mbili."

"Ukipasuka?"

"Ukipasuka umepasuka. Tingatinga litaupasua hata hivyo."

"Huyo wa tingatinga simjui. Wewe nakujua. Utaniangaliaje?"

Alichezea kamba ya kiatu chake. Halafu akasema, "Kama ninavyokuangalia siku zote, Mama," na sikuelewa alimaanisha nini.

Nilikubali. Kwanza niliuosha kwa brashi yangu, vidole, upinde, kisigino, nikaukausha kwa kitambaa cha kichwani. Pacha akahamisha kigoda changu, akalaza lile bati, akasimamisha juu yake ndoo isiyo na kitako, kazi ya mikono ya baba yake, akaiziba chini kwa puti ya kushikizia vioo. Alivuta hewa iliyokuwa kati ya bati na saruji kwa mota ya friji ya kale iliyokohoa kama mzee. Akamimina maji. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, sikuuona mpaka aliponionyesha. Nyaya nene zilitoka kwenye ndoo zikapita dirishani hadi kibandani.

Mke wake alikwenda kwa jirani. Nilisikia akimwambia, "Leo ndiyo ratiba yenyewe, mama. Ziba masikio." Mimi nilikataa kutoka nje. Tukapatana nisimame jikoni, nyuma ya kabati, na Pacha asimame nami akivuta kamba ya swichi kutoka huko.

"Mama, sema hapana nami nafungua vyote."

"Vuta," nikamwambia.

Siwezi kusema niliusikia. Niliuhisi kwenye meno. Chumba cha mbele kiligeuka cheupe kama karatasi, sakafu ikaturusha visigino, vikombe kabatini vikagongana, kisha ikaja pamba. Pamba nzito kuliko zote. Nikasubiri.

Chap.

Safari hii haikuwa mara moja. Chap, na nyuma yake mgongano mdogo wa kitu kigumu kinachocheza mahali pake. Ngo, ngo. Nilimtazama Pacha. Alikuwa amegeuza shingo upande ule ule niliougeuzia mimi, na rangi ya midomo imemtoka.

"Umesikia?" aliniuliza. Niliona midomo zaidi ya kusikia sauti.

"Kafunge mnyororo wako kwanza," nikasema.

Akaenda kibandani, akagusisha fimbo, akafunga. Ndipo tukaingia. Ndoo ilikuwa imelala kwenye kona, imepasuka mshono. Maji yalikuwa sakafu nzima. Pacha alipiga magoti, akaliinua bati kwa kucha zake pande zote mbili, polepole, na chini yake unyayo ulikuwa umegawanyika vipande vitatu, na kile cha kati kilizama kwenye kifusi mbele ya macho yetu.

Nilishika ukuta. Lakini Pacha alikuwa ameligeuza lile bati upande wa chini, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango.

Nilitegemea kuona kishimo, kwa kuwa miaka yote nilikuwa nimeona kishimo. Bati lilikuwa na mguu. Unyayo ulikuwa umetokeza nje, umenenepa, upinde umekwenda ndani na kisigino kimetoka, kama vile mtoto amesimama upande wa pili wa bati na anakanyaga kuja huku. Mistari ya ngozi ilikuwa yote pale, myembamba kuliko ule uzi wa kifungo. Niliigusa. Nilikwenda kama ninavyoosha, vidole, upinde, na nilipofika kisiginoni nikasimama.

Ule ufa wangu haukuwa ufa. Ufa ungeonekana kama mstari mkali. Hii ilikuwa ngozi iliyoshikana baada ya kukatwa, ina kingo mbili laini, imejikunja kama ndoano. Nililijua kovu lile. Nililiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, kabla ya sakafu kumwagwa, mwanangu wa kiume alipokanyaga kipande cha bati kwenye kibanda cha baba yake.

"Vua kiatu," nikamwambia Pacha.

"Mama."

"Cha kushoto."

Alivua. Mke wake alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni na kicheko chake kimekatikia njiani. Pacha aliinua mguu wake mpana wa mtu mzima, na kisiginoni ilikuwepo ndoano ile ile, imekua pamoja naye.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nahisi. Siku moja nikiwa mdogo niliuweka mguu wangu pale, ukaingia kama kiatu. Baba akanitoa kwa sikio, akasema usimkanyage mwenzio. Nani angenisikiliza?" Alilifuta bati kwa shati lake ingawa lilikuwa safi. "Halafu nilizoea. Nilipenda mnavyouruka. Kila ukipita na ndoo najiambia, angalau mimi hapa hawanikanyagi."

Niwe mkweli, wakati ule nilikuwa namwona yeye nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu kwamba Kishindo hakuwa na picha, hakuwa na nguo, na sasa hakuwa na unyayo. Alinyoosha kidole chake akadai mguu wa kaka yake, kwa utani wa mtoto, nasi tukamwamini maisha yetu yote. Nikaanza kuchuchumaa pale pale kwenye maji.

"Mkalishe mama," alisema mke wa Pacha, na kwa vile hakuona pengine, alikichukua kigoda akakirudisha mahali pake pa siku zote, akanishika bega akanikalisha. Kigoda kikayumba.

"Hapa pamelegea," akasema.

Niliinuka. Alikisogeza. Maji yaliyomwagika yalikuwa yanapanda kutoka chini ya sakafu, vipovu vidogo vidogo, navyo havikutoka ovyo. Vilifuata njia. Vilianza juu kwa viduara vitano, vikashuka ubavuni, vikajikunja kisiginoni, vikarudi kupanda upande wa pili. Tulisimama watatu tukayatazama maji yakichora mguu wa mtoto pale nilipokuwa nimekaa.

Mwashi aliyesomea kazi angekwaruza kwanza, niru ishikane na saruji. Mume wangu alikuwa fundi bati, na kiganja chake hakikukosa mafuta hata siku ya kupumzika. Alijaza unyayo uliokwisha kukauka, kwa mkono wa mafuta, akapalainisha, akaondoka. Niru haikushika kamwe. Ilikaa tu mle ndani kama keki kwenye sufuria yake, mpaka mlio ulipoitikisa.

Pacha alichukua bisibisi, akaipitisha kwenye ukingo. Kipande kilitoka kizima. Hakukigeuza. Alinipa mimi.

Kilikuwa na ukubwa wa kiganja changu na kizito kuliko nilivyotegemea. Upande wa juu ulikuwa mweusi na unang'aa kwa dawa ya sakafu na miguu ya kigoda. Nikakigeuza. Kidole gumba kilikuwa kimejitenga na wenzake, kama kilivyokuwa chake, nami nilikuwa nimesahau kuwa kilikuwa hivyo mpaka nilipokiona. Kisigino hakikuwa na kovu. Kilikuwa kimelowa, na baridi, kama mguu wa mtoto aliyetoka kuchezea mvua anayekupandia mapajani.

"Ule tukauruka," nilisema, "huu nikaukalia."

"Alikuwa karibu nawe, Mama," alisema mke wa Pacha, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu sikusikia mzaha ndani yake.

Nilikifunga kwenye kitambaa changu cha kichwani. Bati nilimpa Pacha, akakataa, akasema ni langu. Nikamwambia miaka yote nilikuwa naosha mguu wake pasipo kujua, sasa naomba niuweke ukutani nikijua. Alitoka nje akakaa kwenye kizingiti cha kibanda, na kiatu chake cha kushoto bado kilikuwa mkononi.

Siku ya kuhama, kapasita zilikwenda kwa watu wa vyuma chakavu, kila moja imefungwa waya ncha kwa ncha. Pacha alizikagua zote mwenyewe mara mbili. Chumba cha mbele kilibaki kitupu. Tulikuwa tumeifuta sakafu na jua lilikuwa limewaka siku kadhaa, lakini kishimo cha Kishindo kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni, maji safi, na hayakutikisika tulipopita. Pacha na mkewe walibeba kitanda changu, yeye mbele, akirudi nyumanyuma kuelekea mlangoni. Nilifungua mdomo nimwambie apitie huku.

Hakungoja. Aliangalia chini mara moja, akakanyaga juu ya vipande vya unyayo wake, akauruka wa dada yake.